Asiyekuwapo, na Lake Liwepo
Neno juu ya makusanyiko ya mkutano wa mwaka, kwa washarika na walimu wa upande wa Itigi

Masomo: Matendo ya Mitume 6:1-7 na 14:26-28



Kiangazi ndiyo majira ya mikutano. Mavuno yamekwisha kuingizwa ghalani, njia zimekauka, nazo sharika zinachagua watu wa kuwatuma. Mjumbe atokaye huku Itigi hupanda treni au basi, naye husafiri kwa fedha iliyotoka katika sadaka. Wengi katika hao waliotoa sadaka hiyo hawajapata kuuona mlango wa jumba la mkutano, wala hawatauona. Basi si ajabu wakiuliza: Mkutano huu una faida gani kwetu? Fedha ile isingaliweza kutununulia mabati ya kanisa, au kumpa mwalimu wetu baisikeli?

Hatuwakemei waulizao hivyo. Aliyetoa sadaka yake ana haki ya kuuliza, nasi tuna wajibu wa kumjibu. Wala haifai kumjibu kwa maneno matupu, kwamba mikutano ni desturi ya Kanisa, basi. Desturi isiyojulikana maana yake ni mzigo tu juu ya kichwa cha mtu.

Wazee wetu walisema: Asiyekuwapo na lake halipo. Neno hili ni kweli katika mabaraza ya dunia. Nyama ikigawanywa, fungu la asiyekuwapo huwa dogo. Shauri likikatwa, hasara humwangukia yule ambaye hakuitwa. Tangu zamani mambo yamekuwa hivyo, na watu wamezoea. Lakini Kanisa la Kristo limewekwa chini ya sheria nyingine. Sisi tunamtuma mjumbe kwa ajili hii hasa, ili mithali ile isitimie kwetu. Ili asiyekuwapo, na lake liwepo. Ikiwa limekuwapo, mkutano umekuwa na faida, hata kama chakula kilikuwa kidogo na malazi mabaya. Ikiwa halikuwapo, mkutano ule ulikuwa karamu, na sadaka ya watu imeliwa.

Tutazame kwanza Yerusalemu. Luka atueleza katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, ya kuwa wanafunzi walikuwa wakiongezeka, na hapo ndipo palipoanza manung'uniko. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Angalieni, ndugu: wajane wale hawakuwa katika shauri la mitume. Walikuwa wageni, tena wanawake, tena maskini, tena lugha yao si lugha ya wenyeji. Ikiwa yuko mtu ambaye lake lingaliweza kukosekana, ndio hao.

Mitume walifanya nini? Hawakusema kwamba jambo hili ni dogo mno, wala hawakuwaambia wangoje. Waliwaita wanafunzi wote pamoja, wakaweka kusanyiko maalumu kwa neno hilo moja. Mkutano ukachagua watu saba. Tena someni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Wale waliokuwa wakilalamikiwa hawakuchagua watu wa upande wao ili jambo lizimike. Kazi ilitiwa mikononi mwa watu wenye majina ya upande wa wale waliosahauliwa. Mara baada ya hayo Luka asema ya kuwa neno la Mungu lilizidi kuenea. Mkate wa wajane ulitengenezwa kwanza, kisha neno likaenda mbele.

Kwa hiyo tusiyadharau makusanyiko maalumu yanayofanyika kando ya mkutano mkuu. Mkutano mkuu una kazi yake: kusikia hesabu, kupokea taarifa, kuchagua viongozi, kutengeneza katiba. Mambo hayo ni ya lazima, lakini wakati ni mfupi, na mwenyekiti hutazama saa. Mtu asiyezoea kunena mbele ya watu mia tano hunyamaza, na kikao hufungwa akiwa na neno lake moyoni. Lakini katika kusanyiko la wanawake, au la vijana, au la wainjilisti, au la watunza hazina, au katika maombi ya alfajiri kabla jua halijachomoza, watu ni wachache na hofu hupungua. Hapo ndipo mama aweza kusema kilicho kweli. Hapo ndipo mwalimu wa kijiji cha mbali aweza kueleza kwamba ana vitabu vitatu tu vya kufundishia watoto arobaini. Jambo huzaliwa katika kusanyiko dogo, likabebwa hata katika lile kubwa.

Wako Wakristo wenzetu ambao mikutano yao yote ina tabia hii ya makusanyiko. Hao ndio wa makanisa ya Kongregesheni, yaliyoanza Uingereza na kuenea Marekani. Kwao kila usharika hujitawala wenyewe chini ya Kristo. Haupo mkutano wa juu wenye mamlaka ya kuuamuru. Hata leo iko jamii ya sharika za namna hiyo huko Marekani, zilizofungamana mwaka 1955, nazo hukutana kila mwaka. Mkutano wao hauwezi kuulazimisha usharika mmoja kufanya neno asilolitaka. Basi, kwa nini wasafiri mbali kukutana, ikiwa hawawezi kuamriana? Huenda wakasikilizane, wakasome Maandiko pamoja, wakaombeane, wakashauriane juu ya kazi ambayo usharika mmoja hauiwezi peke yake. Sisi Walutheri hatuna utaratibu wao. Mikutano yetu ina mamlaka ya kukata mashauri. Lakini yatupasa kujifunza kwao neno hili: shauri lililokatwa kwa mamlaka bila kusikilizana huandikwa katika daftari, wala haliingii mioyoni.

Tena habari za watu hao hazikuwa mbali na nchi yetu. Chama cha Misioni cha London kilianzishwa mwaka 1795, na nguvu yake kubwa ilitoka katika sharika za Kongregesheni. Kila mwaka, mwezi wa Mei, rafiki zake walikusanyika London. Mkutano mkubwa ulifanyika katika jumba lililoitwa Exeter Hall, na pamoja nao zilikuwako ibada za mahubiri na za Meza ya Bwana. Hata watoto hawakusahauliwa katika kazi ile. Mwaka 1844 merikebu ya misioni iliyoitwa John Williams ilipatikana kwa fedha waliyoichanga watoto, ikasafiri katika bahari ya Pasifiki. Watoto hawakuwa na kiti katika shauri la wakubwa, walakini lao lilikuwapo, likaelea juu ya maji.

Katika watu waliokisaidia chama kile alikuwako Robert Arthington wa Leeds, mtu aliyeishi kwa kujinyima sana, ambaye aliahidi paundi 5,000 ili Injili ipelekwe kwenye ziwa Tanganyika. Mwaka 1876 chama kilikubali, na mwaka 1877 wamisionari walianza safari kutoka Saadani wakiwa na magari ya kukokotwa na maksai. Maksai wakafa kwa mbung'o, na magari yakaachwa. Ikawapasa kutegemea wapagazi. Njia ya misafara ilipita Ugogo, ikaikata nchi kame ya vichaka iliyoitwa Mgunda Mkali, ikafika Unyanyembe. Ninyi wa Itigi mnaijua nchi ile kuliko sisi tuwezavyo kuieleza, maana reli iliyofika Tabora mwaka 1912 inapita katika vichaka hivyo hivyo, nanyi mnakaa ndani yake. Mnajua maana ya kutafuta maji mwezi wa Oktoba.

Wamisionari walifika Ujiji mwezi wa Agosti 1878. Mwezi uliofuata J. B. Thomson alikufa. Mwezi wa Aprili 1879 akafa Arthur Dodgshun, siku chache tu baada ya kufika. Hapo Joseph Mullens, aliyekuwa katibu wa chama kile, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma barua za wamisionari na kuleta taarifa mbele ya mkutano, hakuona vema kuendelea kusoma tu. Alisafiri mwenyewe kuja kuwasaidia. Akafa njiani mwezi wa Julai 1879, akazikwa Mpwapwa. Daktari Ebenezer Southon, aliyekaa Urambo kwa mtemi Mirambo, alikufa mwaka 1882. Mwisho, mwaka 1898, kazi ya Urambo ilikabidhiwa kwa ndugu Wamoravian. Nao waliipokea, na Kanisa la Moravian liko katika nchi ile hata leo.

Tunajifunza nini? Kwanza, neno linenwalo katika kusanyiko si pumzi tu. Watu waliketi London wakainua mikono yao kukubali shauri, na mikono ile ilichimba makaburi Ujiji na Mpwapwa na Urambo. Basi anayeinua mkono katika mkutano na afikiri ni nani atakayelipa. Pili, kazi ya Mungu haikupotea kwa sababu chama kimoja kiliiacha. Wakongregesheni walipanda, Wamoravian wakatia maji, na Mungu ndiye aliyekuza.

Lakini liko neno la tatu, nalo latuchoma. Majina ya Wazungu waliokufa katika safari zile yamehifadhiwa vitabuni, na ni haki yahifadhiwe. Wapagazi je? Wengi katika njia ile walikuwa Wanyamwezi. Walibeba mizigo ya misioni mabegani mwao kuvuka Mgunda Mkali, wakaona kiu ile ile, na wengi wao hawakuandikwa popote. Taarifa ilisomwa London, watu wakalia kwa ajili ya wamisionari wao. Mpagazi hakuwapo, na lake halikuwapo. Hatulisemi hili ili kuwahukumu waliokufa. Twalisema ili tujiulize: katika taarifa tutakayoipeleka sisi mwaka huu, wapagazi wetu ni nani? Ni nani wabebao mzigo wa Kanisa, ambao majina yao hatuyasomi?

Walutheri wasidhani kwamba shauri hili ni la wengine. Mwaka 1523 watu wa mji wa Leisnig, katika nchi ya Saksonia, waliweka utaratibu wa hazina ya usharika, na Martin Luther mwenyewe akauandikia dibaji. Fedha ya kulipa watumishi wa Kanisa na kusaidia maskini iliwekwa katika sanduku lenye kufuli nne. Ufunguo mmoja ulishikwa na waungwana, wa pili na baraza la mji, wa tatu na wenyeji wa mji, na wa nne na wakulima wa vijijini. Tena iliagizwa kwamba usharika wote ukusanyike mara tatu kila mwaka kusikia hesabu. Fikirini, ndugu: mkulima akaaye mbali, mwenye matope miguuni, alishika ufunguo ambao bila yeye sanduku halifunguki. Utaratibu ule ulipata upinzani, kwa kuwa baraza la mji lilisita kukabidhi mali, naye Luther akahuzunika. Walakini mfano wake umebaki. Usharika wa Itigi na kila mtaa wa mbali ni yule mkulima. Ufunguo wake u wapi?

Na hapa nchini kwetu tumeona jinsi kusanyiko liwezavyo kumleta mbele asiyekuwapo. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa moja la Kiinjili la Kilutheri, na Stefano Moshi akawa mkuu wake wa kwanza. Mwezi wa Juni 1977 Walutheri wa dunia nzima walikutana Dar es Salaam, mara ya kwanza katika Afrika, wakamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wa fungamano lao. Katika mkutano ule lilisemwa neno juu ya ndugu walioonewa kusini mwa Afrika kwa sababu ya rangi yao. Wengi wao hawakuweza kuwapo. Lakini mkutano ulitamka ya kuwa kuwatenga watu kwa rangi katika Kanisa si jambo la siasa tu, bali lagusa ungamo lenyewe la imani. Wala neno lile halikulala katika karatasi. Mwaka 1984, huko Budapest, makanisa mawili ya Wazungu wa kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama kwa kuwa hayakujitenga na ubaguzi ule. Asiyekuwapo, lake lilikuwapo.

Sasa turudi kwetu. Yatupasa kufanya nini, ili sadaka ya nauli isipotee?

Kwanza, mjumbe asiondoke kabla usharika haujakutana. Na akae na watu, si wazee peke yao. Awaulize wanawake, awaulize vijana, afike hata mtaa wa mbali. Yako mambo ambayo hayaonekani katika hesabu. Wagonjwa huja kutoka vijiji vya mbali hata hospitali ya Mtakatifu Gaspari hapa Itigi, ambayo ni kazi njema ya ndugu zetu Wakatoliki. Na miongoni mwao wamo watu wetu. Ni nani awatembeleaye? Ndugu zao wanaowauguza hulala wapi, hula nini? Je, mwinjilisti anayezunguka vichakani kwa baisikeli amepata posho yake, au anaishi kwa mkopo wa duka? Mkulima na mfugaji wanaogombea maji, na wote wawili hushiriki Meza moja ya Bwana, ni nani awapatanishaye? Mambo haya na yaandikwe katika daftari, yasitegemee kumbukumbu.

Pili, afikapo mkutanoni, asipendezwe na kikao kikubwa tu. Aende katika makusanyiko madogo, afumbue daftari lake, aseme. Wako wajumbe ambao wakiulizwa habari za usharika wao hujibu: Hatujambo, kazi yaendelea vema. Wanaona haya, wasije wakaonekana kuwa wametoka mahali pabaya. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Mjumbe afichaye njaa ya nyumbani hakuuheshimu usharika wake, ameufunga kinywa. Tena na asikilize ya wenzake kwa moyo ule ule, maana yule wa pwani au wa milimani naye ameacha watu nyuma yake.

Tatu, arudipo asiseme kwamba mkutano umekwisha. Paulo na Barnaba walitumwa na Kanisa la Antiokia. Waliporudi, kama tusomavyo katika sura ya 14, hawakwenda kupumzika. Walilikusanya Kanisa, wakawaeleza yote ambayo Mungu aliyatenda pamoja nao, na jinsi mlango wa imani ulivyofunguliwa kwa mataifa. Kusanyiko la kurudi ni sehemu ya mkutano, tena ndilo kusanyiko maalumu kupita yote, kwa kuwa ndani yake wamo wale waliotoa nauli. Jumapili ya kwanza, baada ya ibada, watu na waketi. Mjumbe na asome daftari lake: neno hili mlinituma, nililisema, limejibiwa hivi, na neno hili nililisema, halikujibiwa. Asifiche lisilojibiwa. Watu huvumilia jawabu la hapana. Wasichoweza kuvumilia ni kimya.

Nanyi mnaobaki nyumbani, msidhani kwamba hamna kazi. Siku za mkutano, kusanyikeni jioni mkaombe kwa jina kwa ajili ya aliyetumwa. Arudipo, muulizeni. Usharika usiouliza humfanya mjumbe kuwa msafiri tu. Tena, mwaka mwingine mtumeni mwingine, mama au kijana, ili ufunguo usizoee mkono mmoja.

Ndugu wapenzi, sababu ya haya yote si utaratibu mwema peke yake. Sisi wenyewe tulikuwa watu wasiokuwapo. Tulikuwa mbali, hatukuwa na haki ya kusimama mbele ya Mungu, wala hatukuwa na neno la kujitetea. Lakini yuko Mmoja aliyekwenda mbele kwa ajili yetu, naye yupo hata sasa mbele za Baba akituombea, kama Mtume atufundishavyo katika Warumi, sura ya 8. Hatukuwapo, na letu lilikuwapo. Hiyo ndiyo Injili. Basi mtu aliyesemewa mbinguni awezaje kwenda mkutanoni, akaketi, akala, akarudi, asimsemee ndugu yake aliyebaki kijijini?

Bwana Yesu, Mwombezi wetu, awaongoze wote watumwao mwaka huu, awafumbue vinywa vyao na masikio yao, awarudishe salama. Na awatunze wanaobaki, wajue ya kuwa hawakusahauliwa. Amina.